Swali la Mtu Lisikatizwe: Namna ya Kuendesha Kundi la Mazungumzo ya Imani Parokiani

Katika Kiganda, kusoma ni kusoma kitabu, na kusoma huko huko ni kwenda kusali. Ndiyo maana Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Waliketi pamoja, mmoja akasoma, wengine wakauliza. Wamisionari Wakatoliki waliofika mwaka 1879 waliondoka Novemba 1882 wakarudi Julai 1885, na katika muda huo wote pasipo padre, imani haikuzimika. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba na wenzao waliwakusanya watu wakafundishana. Kwa hiyo parokia ya Uganda inayoanzisha kundi la watu kumi wanaosoma Injili na kuulizana haileti jambo geni. Inarudia lililokuwapo kabla ya majengo.

Mwongozo huu ni kwa katekista, kiongozi wa walei, sista au mwamini yeyote aliyeombwa kuendesha kundi kama hilo kwa Kiswahili: katika miji ya mpakani kama Busia na Malaba, katika makambi ya jeshi, mitaa ya Kampala yenye watu wa makabila mengi, na makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja ambako Wakongo wengi wanasali kwa Kiswahili. Kundi hili lisichanganywe na darasa la ubatizo, ambalo lina mafundisho ya kumaliza na orodha ya majina, wala na jumuiya ndogo ndogo, ambayo ni ya waumini wa mtaa mmoja wenye majukumu yao. Hapa anakuja yeyote anayetaka kujua Wakristo wanaamini nini na kwa nini: mume Mwislamu wa mama Mkatoliki, kijana aliyeacha kusali alipofika chuo, mtu aliyetoka kwa Balokole (Walokole, wanaojiita waliookoka), mzazi aliyeleta mtoto abatizwe akagundua kwamba yeye mwenyewe hajui anachoahidi.

Jambo moja litangulie mengine yote. Mtu haji na swali lake mkononi. Siku ya kwanza atauliza Kaini alimwoa nani. Swali lake mwenyewe, la mtoto aliyemzika, la ndoa isiyobarikiwa, la dawa ya mganga iliyofichwa chini ya kitanda, litatoka wiki ya nne au ya tano, kama litatoka. Kila kinachoelezwa hapa chini, kuanzia viti mpaka chai, kipo ili swali hilo lipate njia.

Kabla ya kutangaza

Mwone paroko ukiwa na karatasi moja tu. Andika siku, saa, mahali, majina ya wawezeshaji wawili, kitabu kitakachosomwa na idadi ya wiki. Mwombe mambo matatu: ruhusa, chumba, na ahadi kwamba hatahudhuria mpaka wiki ya tano. Hilo la tatu huwashangaza mapadre wengine, basi mweleze sababu. Padre akiwa chumbani, kila jicho linamgeukia yeye, kila swali linakuwa lake, na mtu aliyekuwa karibu kusema haamini anasema amina. Wiki ya tano na ya nane aje, na kazi yake itaelezwa.

Wawezeshaji wawe wawili, ikiwezekana mwanamume na mwanamke. Mmoja anaongoza mazungumzo, wa pili anatazama saa na nyuso. Yule wa pili ndiye anayeona kwamba mama wa pembeni amefungua mdomo mara mbili akaufunga. Mwezeshaji hahitaji kuwa mtaalamu wa Maandiko, ila awe mtu anayeweza kukaa kimya dakika nzima bila kujihisi amefeli.

Idadi iwe sita mpaka kumi na wawili. Chini ya sita, wawili wakikosa kwa sababu ya mvua au msiba, kikao kimekufa. Juu ya kumi na wawili hesabu inakataa: katika kikao cha dakika 90, mazungumzo yenyewe hupata kama dakika 35. Watu kumi na wawili wanapata karibu dakika tatu kila mmoja. Watu 25 wanapata chini ya dakika moja na nusu, na nusu yao watakwenda nyumbani bila kusema neno. Wakija ishirini, wagawe siku hiyo hiyo. Ukingoja wiki ya tatu watakuwa wamezoeana, na kugawanya kutaonekana ni kufukuza.

Kwenye Misa, tangazo lisomwe Jumapili tatu mfululizo, fupi hivi: "Mtu yeyote mwenye swali kuhusu Yesu, Biblia au Kanisa anakaribishwa Jumamosi saa tisa alasiri, chumba cha katekesi. Hakuna mchango, hakuna kuandikishwa, si lazima uwe Mkatoliki." Maneno "hakuna mchango" yasiachwe. Watu wamechoshwa na bahasha, na wengi watabaki nyumbani wakidhani wanaitwa kuchangia ujenzi. Hata hivyo, tangazo huleta wachache. Wengi huletwa na mtu aliyewaendea dukani au shambani akawaambia, "Ulilonisemea juzi, kuna mahali pa kulizungumza." Kila mwezeshaji awaalike watu watano kwa mdomo wake.

Mkikutana nyumbani kwa mtu au chini ya mti badala ya parokiani, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aarifiwe mapema. Katika makazi ya wakimbizi, wenye mamlaka ya mahali na kamati ya wakimbizi ya kijiji waarifiwe vilevile. Mkusanyiko wa kila wiki usioelezwa huzaa uvumi, na uvumi huwafukuza kwanza wale wenye woga, ambao ndio kundi limeandaliwa kwa ajili yao.

Kuhusu saa: kwetu hapa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima. Kikao kinachoisha saa kumi na mbili kamili kinamwacha mama mwenye safari ya miguu afike gizani. Saa tisa mpaka saa kumi na nusu Jumamosi hufaa mahali pengi. Jumapili baada ya Misa ya pili haifai, watu wana njaa na halmashauri zina mikutano. Panga wiki nane zisizokatwa na sikukuu kubwa. Wiki ya tarehe 3 Juni iache, kwa kuwa nusu ya watu watakuwa njiani kwenda kuhiji Namugongo, walikouawa Mashahidi wa Uganda. Na miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usitegemee kabisa kukutana chini ya mti.

Chumba, viti, chai

Msikutane ndani ya kanisa. Mle watu hunong'ona, hutazama mbele, na hungoja mtu asimame mimbarini. Chumba cha katekesi au ukumbi mdogo unatosha. Mti wa mwembe una kivuli kizuri lakini kila mpita njia husikia, na kuna mambo ambayo mtu hatayasema mbele ya mpita njia.

Kama kuna benchi tu, zisipangwe kama darasani. Ziwe nne kwa umbo la mraba ili kila mtu aone macho ya kila mtu. Kusiwe na meza katikati wala kiti cha plastiki chenye mikono kwa ajili ya mwezeshaji wakati wengine wamekalia benchi. Kiti hicho peke yake kinamfanya mwenyekiti. Lakini heshima za umri zibaki. Usimlazimishe kijana kumwita mzee kwa jina tupu ili "tuwe sawa", maana atanyamaza kabisa. Mzee, mama, kaka, dada yatumike. Yanayoachwa mlangoni ni daktari, mheshimiwa na mwenyekiti.

Kwa watu kumi na wawili, chai ya lita tatu inatosha: maziwa lita moja na nusu, maji kiasi hicho hicho, majani, tangawizi iliyopondwa, na sukari iwekwe pembeni kwa sababu ya wenye kisukari. Mandazi 24. Gharama ibebwe na parokia au na wawezeshaji. Ikianza kuchangishwa, mtu asiye na kitu ataacha kuja na hatasema sababu.

Chai inywewe mwanzoni. Anayechelewa anakuta wenzake wanakunywa, haaibiki. Vikombe vioshwe mwishoni, na visioshwe na mtu mmoja. Swali lenyewe mara nyingi hutoka mtu akiwa anasuuza kikombe, macho yako kwenye beseni, hakuna anayemtazama. Mwezeshaji asikimbilie kufunga mlango.

Kitabu

Someni Injili ya Marko. Ni fupi kuliko nyingine tatu, sura 16, na msomaji mzuri huimaliza kwa sauti kwa muda wa saa mbili hivi. Tena imo katika Biblia ya kila mtu. Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73 na ya Waprotestanti 66, na katika kundi lenye mchanganyiko kuna mtu atakayetaka kuanza na hilo. Mkiwa na Marko mkononi, ugomvi huo unaweza kungoja wiki nane.

Vifungu vinane hivi vimepangwa kufuata namna watu wanavyofunguka, si kufuata mfululizo wa sura pekee. Wiki ya kwanza, Bartimayo kipofu (10:46–52), kwa sababu Yesu anamuuliza mtu anataka afanyiwe nini, na swali hilo linageukia chumba kizima. Ya pili, mtu aliyepooza akashushwa kupitia paa (2:1–12). Ya tatu, dhoruba ziwani (4:35–41). Ya nne, binti Yairo na mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili (5:21–43). Ya tano, pale Yesu anapowauliza wanafunzi wake wao wanasema yeye ni nani (8:27–38). Ya sita, baba wa mtoto mgonjwa aliyelia kwamba anaamini, asaidiwe kutokuamini kwake (9:14–29). Ya saba, Gethsemane hadi msalabani (14:32–15:39). Ya nane, wanawake kaburini (16:1–8), na hapo mkomee kwenye mstari wa nane, pale wanawake wanapokimbia kwa hofu. Nakala za kale kabisa zinaishia hapo. Waulize kwa nini habari njema imalizike kwa watu wenye hofu, kisha nyamaza.

Tafuta tafsiri mbili. Union Version ina Kiswahili kizuri lakini kizito kwa mtu aliyejifunza lugha sokoni au jeshini, na Habari Njema inaeleweka upesi. Zisomwe zote mbili. Na usimsahihishe mtu jinsi anavyotamka. Mkatoliki wa Buganda na wengi wa Kongo wanasema Yezu, Mwanglikana anasema Yesu. Mmoja anasema Eklezia, mwingine Kanisa. Mwezeshaji anayesahihisha neno hilo moja amemwambia mtu kwamba yeye ni mgeni.

Usiwazungushie kitabu kila mtu asome mstari wake. Karibu kila kundi lina mtu asiyesoma vizuri, naye atahesabu mistari kwa jasho mpaka zamu yake, asisikie hata neno. Wengine huacha kuja kwa sababu hiyo tu. Msomaji awe mmoja, apewe kifungu siku tatu kabla, akisome nyumbani kwa sauti angalau mara mbili.

Kikao chenyewe

Dakika 15 za kwanza ni chai. Tano zinazofuata ni sala fupi ya mtu mmoja na kukumbushana masharti matatu: linalosemwa humu linabaki humu, mtu asizidishe dakika mbili kwa mara moja, na hakuna anayelazimishwa kusema wala kusali kwa sauti. Dakika kumi ni za kusoma kifungu, mara moja kwa kila tafsiri. Kisha kimya cha dakika tatu, kwa saa, bila kufupisha. Dakika tano kila anayetaka ataje neno au kifungu cha maneno kilichomshika, bila maelezo. Dakika saba wazungumze wawili wawili. Dakika 35 mazungumzo ya wote. Tano za kuandika maswali kwenye daftari, tano za kufunga.

Waliozoea Hatua Saba zilizotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambazo jumuiya nyingi za Afrika Mashariki hutumia, wataona kwamba kimya na kutaja neno vimechukuliwa kutoka huko. Hatua ya mwisho ya kila mtu kusali kwa sauti imeachwa kwa makusudi. Ni nzuri kwa jumuiya ya waumini. Kwa mtu anayechungulia tu mlangoni ni kama kuombwa aimbe wimbo asioujua mbele ya kwaya.

Zile dakika saba za wawili wawili usizile hata siku moja. Binti wa miaka ishirini hataanza kusema mbele ya wanaume wanane, ila akishalisema wazo lake kwa mama aliye kando yake, na mama akatikisa kichwa, atalisema tena mbele ya wote.

Mvua ikipiga mabati hakuna atakayesikia kitu. Usipaze sauti. Ongeza muda wa kimya au wa wawili wawili, masikio yakiwa karibu, hadi ipungue.

Kutunga swali

Hapa ndipo makundi mengi yanapofia, kwa hiyo patengewe muda. Mwezeshaji aandae maswali matatu kwa kila kifungu, ayaandike, ayajaribu kwa mwenzake. Swali baya ni lile lenye jibu la amina. "Je, tunaamini Yesu ana uwezo wa kusamehe dhambi?" Wote watasema ndiyo na mazungumzo yameisha. Swali zuri linamrudisha mtu kwenye maneno yaliyoandikwa na kumwacha atembee mwenyewe.

Chukua kifungu cha wiki ya pili. Nyumba imejaa, watu wanne wana mgonjwa juu ya mkeka, mlango hauingiliki, wanapanda juu, wanatoboa paa. Marko anatumia neno la kuchimba, maana paa za huko zilikuwa za miti na udongo. Anza na wanachokiona: "Mlio ndani, mnaona nini kikianguka?" Vumbi, udongo, vijiti. Mtu atacheka. Mtu atasema mwenye nyumba atadai fidia. Vizuri, sasa wamo ndani ya nyumba. Swali la pili: "Imani iliyoonwa hapa ni ya nani?" Warudi kwenye mstari wa tano. Wataona Yesu aliiona imani yao, wengi, na mgonjwa mwenyewe hajasema neno. Hapo kundi hunyamaza kidogo, kwa sababu kila mmoja anamjua aliyembeba, au anamjua asiye na wa kumbeba. Swali la tatu ndilo zito: "Huyu aliletwa kwa sababu ya miguu. Kwa nini anaambiwa habari ya dhambi kwanza?"

Hapo jitayarishe. Nchini kwetu swali hili linagusa mahali penye kidonda, kwa kuwa wengi wameambiwa kwamba ugonjwa wao ni laana, au ni dhambi ya baba, au kuna jirani aliyewaroga. Usikimbilie kufafanua. Waache waseme waliyoambiwa. Kisha, kama dakika kumi zimebaki, fungua Yohana 9:1–3, ambapo wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, na Yesu anakataa swali lao. Soma mara moja, usihubiri, uwaache nalo wiki nzima.

Kanuni ya kazi ni hii: mwezeshaji akiulizwa swali, kwanza aulize kundi, "Mwenzetu ameuliza. Nani mwingine amewahi kujiuliza hili?" Mikono mitatu ikiinuka, yule aliyeuliza ameshapata kitu kikubwa kuliko jibu. Baada ya hapo, kama Kanisa lina fundisho la wazi, liseme kwa sentensi mbili, wazi, bila kulipunguza wala kuona haya. Watu hawakuja kusikia kwamba kila kitu ni sawa. Wanataka kujua Kanisa linasema nini hasa, na wapewe nafasi ya kuligeuza mikononi.

Yanayoharibika

Mhubiri. Karibu kila kundi lina mmoja. Anashika Biblia, anasimama, sauti inabadilika. Mara nyingi ni mtu mwema mwenye moto kweli. Usimkabili mbele ya watu. Mkalishe kando yako, si mkabala nawe, maana aliye mkabala anapata macho yako na macho ni kibali. Mkabidhi kazi ya kutunza saa. Kama haitoshi, zungumza naye faraghani kabla ya kikao na umwombe akusaidie kuwafanya wawili walio kimya waseme. Wengi hubadilika wakipewa kazi hiyo.

Ubishi wa madhehebu. Utaanza na Maria, sanamu, ubatizo wa watoto, au "umeokoka lini?" Tenganisha swali la kuuliza na swali la kushinda. La kuuliza linaandikwa kwenye daftari na litajibiwa na padre wiki ya tano. La kushinda linarudishwa kwenye kifungu: "Tuonyeshe katika mistari hii." Na kuna jambo la Uganda linalosaidia kuliko hoja nyingi. Tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto mahali pamoja, Namugongo. Kati ya mashahidi wote wa miaka ile, waliouawa hapo na kwingineko, 22 ni Wakatoliki na 23 ni Waanglikana. Mwenye kutaka kushindana akumbushwe hilo kwa upole.

Simu. Biblia ya kwenye simu ni halali, WhatsApp siyo. Kabla ya kusoma, simu zote ziwekwe kwenye hali ya kimya, na mwenye mgonjwa nyumbani aseme mapema kwamba huenda akatoka.

Watoto. Akina mama watakuja nao. Tafuta kijana wa kuwakalisha nje na mpira au vitabu vya picha. Bila hivyo mama atakaa saa nzima akimnyamazisha mtoto, nawe utadhani hana la kusema.

Siri kuvuja. Ikitokea, kundi limekwisha isipokuwa mwezeshaji achukue hatua wiki hiyo hiyo: amwendee aliyeumizwa, amwombe radhi, amwambie aliyevujisha asirudi. Ni kali, lakini kumhurumia mmoja hapo ni kuwafunga midomo wote.

Siri ina mpaka, nao utajwe siku ya kwanza. Mtoto akiwa anaumizwa, au maisha ya mtu yako hatarini, mwezeshaji hatanyamaza. Simu ya bure ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto ni 116. Mwezeshaji pia asijifungie chumbani na mtu mmoja kumpa ushauri, bali wakae mahali panapoonekana.

Maswali mazito

Msiba na vita. Katika kundi lenye watu waliokimbia Kivu au Ituri, mtu atauliza Mungu alikuwa wapi. Hakuna mwezeshaji mwenye jibu la kumpa mtu huyo katika dakika mbili, na kila atakayejaribu atamjeruhi. Usiseme "Mungu ana mpango." Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno (Ayubu 2:13), na mpaka hapo walifanya vema. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu. Nyamazeni. Kisha mtu asome Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila faraja yoyote. Mtu aliyedhani kulalamika kwa Mungu ni dhambi ataona kwamba malalamiko yake yamo tayari ndani ya Biblia.

Ndoa. Wengi wamefanya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, mahari imekwenda, watoto wapo, lakini hawajafunga ndoa kanisani na hawapokei Ekaristi. Aibu yake ni nzito na mara nyingi ndiyo swali lililojificha. Mwezeshaji asiamue kesi ya mtu. Hajui kama kuna kizuizi, kama mmoja aliwahi kufunga ndoa, kama tatizo ni gharama za sherehe tu. Kama ni gharama, aseme wazi kwamba ndoa halali haihitaji keki wala magari: inahitaji wawili walio huru, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Yaliyobaki ampeleke kwa paroko, na akiombwa amsindikize hadi mlango wa ofisi. Kusindikizwa huko kuna thamani kubwa.

Mizimu, waganga na mila za mazishi. Kwa Waganda swali litakuwa okwabya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba, kwa wengine jina la mila litatofautiana. Waombe waeleze hatua kwa hatua kinachofanyika: kumtaja mrithi, kula pamoja, kuomba nini na kwa nani. Mara nyingi kundi lenyewe linatenganisha kumheshimu marehemu na kumtumikia. Mwezeshaji akianza kwa kulaani yote, watu watakubali kwa mdomo na kuendelea na yao usiku.

Wiki ya tano, ya nane, na baada yake

Wiki ya tano padre anakuja na anapewa daftari siku tatu mapema. Achague maswali manne au matano, ajibu kila moja kwa dakika tano, wengine waulize. Asome swali kama lilivyoandikwa, hata kama limeandikwa kwa hasira. Maswali yote yaandikwe bila jina.

Wiki ya nane, kila mtu aambiwe njia zilizopo bila kusukumwa. Asiyebatizwa anayetaka kuendelea aende kwa katekista aanze ukatekumeni. Watu wazima kwa kawaida hubatizwa katika mkesha wa Pasaka, na muda wa maandalizi hupangwa na jimbo lake. Aliyebatizwa katika Kanisa la Uganda, yaani la Kianglikana, au kwingine kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu habatizwi tena. Atafute kadi yake ya ubatizo, maana anapokelewa kwa kuungama imani. Kosa hili la kumwambia Mwanglikana kwamba "utabatizwa upya" limewarudisha watu wengi nyumbani kwa uchungu. Aliye Mkatoliki tayari aunganishwe na jumuiya ya mtaani kwake, kwa jina la mtu atakayempokea, si kwa tangazo.

Wapo watakaosema bado hawajui. Wasiandikwe kwenye hesabu ya walioshindikana. Wakaribishwe kundi lijalo, na mmoja wao aombwe kuwa msomaji. Daftari la maswali lisitupwe wala lisipelekwe ofisini. Wawezeshaji wawili walipitie, waondoe chochote kinachoweza kumtambulisha mtu, waweke alama kwenye maswali ambayo hayakujibiwa, na walifungue tena siku ya kwanza ya kundi linalofuata, kabla ya chai kumiminwa.